Siku kumi Rwanda kwa baiskeli, kayaki na mlima: mazoezi ya breki kwanza

Swali: "Habari za kazi, mwalimu. Sisi ni wanne, wanawake watatu na mdogo wangu wa kiume. Tunaishi Mwanza na kila Jumamosi tunaendesha baiskeli mpaka Usagara na kurudi. Tangu tulipoona mashindano ya dunia ya baiskeli kule Kigali tumepania kwenda Rwanda. Tuna siku kumi pamoja na safari, mwishoni mwa Aprili, ili tutumie sikukuu ya Muungano na Mei Mosi. Tumepanga siku ya pili tupande Karisimbi, tukishuka tuendeshe njia yote ya Congo Nile kando ya ziwa Kivu kutoka Rubavu mpaka Rusizi, tupige kayaki ziwani, tumalizie na daraja la juu ya miti kwenye msitu wa Nyungwe. Mlima hatujawahi kupanda, ila miguu tunayo. Tuifanyie mazoezi gani?"

Dada yangu, salamu nimezipokea. Safari yenu inawezekana na nitafurahi mkienda, lakini isiwe Aprili, na isiwe kwa mpangilio huo. Nyungwe iacheni mara hii. Njia ya Congo Nile chukueni nusu yake ya kaskazini, tena mwanze kutoka kusini kwenda juu. Kayaki ibaki. Mlima uwe wa mwisho badala ya kuwa wa kwanza, na badala ya Karisimbi pandeni Bisoke. Kuhusu mazoezi, miguu yenu ya Usagara inatosha kuanzia. Kinachohitaji mazoezi ni mikono na breki.

Kwanza Aprili. Mvua kubwa za Rwanda huanza Machi na kuishia Mei, na Aprili ndiyo katikati yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliangukia magharibi na kaskazini mwa nchi, hukohuko Rubavu, Rutsiro na Karongi mnakotaka kupita, na mafuriko na maporomoko ya udongo yakaua watu zaidi ya 130. Miteremko ya upande ule ni mikali na imelimwa mpaka juu. Udongo ukishashiba maji hung'oka na kushuka na kila kilicho juu yake, barabara ikiwemo. Hata siku ambayo hapaporomoki kitu, ule udongo mwekundu uliolowa hunata kwenye tairi, hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mnajikuta mmebeba baiskeli mabegani. Sogezeni safari mpaka mwishoni mwa Juni au Julai, mtumie Sabasaba badala ya Muungano. Kiangazi cha Juni mpaka mwanzoni mwa Septemba kinaaminika kuliko kile kifupi cha Januari na Februari.

Sasa nirudi kwenye breki, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka unielewe vizuri.

Yale mashindano ya Septemba 2025, ya kwanza ya aina yake kufanyika Afrika, wanaume waliendesha kilomita 267.5 na jumla ya kupanda ikazidi mita 5,400. Waliomaliza ni 30 tu. Kumbuka kwamba Kigali hakuna mlima mrefu wa kutisha. Kilichowamaliza mabingwa wale ni vilima vifupi vikali vinavyorudiwa: unapanda kwa dakika kadhaa, unateremka kwa kasi, na kabla moyo haujatulia unapanda tena. Kando ya Kivu hali ni hiyohiyo, ila njia yenu kubwa haitakuwa lami.

Katika kupanda, mwili hujitetea wenyewe. Ukichoka unashuka, unasukuma, unakunywa maji, unaendelea. Hakuna anayevunja mfupa wa bega akipanda kwa mwendo wa kutembea. Wageni ninaowaona wakiumia huumia wakiteremka, na mara nyingi mchana ukiwa umekwenda, vidole vimechoka na mtu ameshaanza kufikiria chakula cha jioni.

Nikuonyeshe mteremko mmoja wa kawaida wa Rutsiro. Umemaliza kupanda katikati ya migomba, ziwa linaonekana chini upande wa kushoto, barabara inainama. Mwanzoni ni changarawe ngumu, unaachia. Baada ya kona ya kwanza kuna mfereji uliochimbwa na mvua, unaanzia ukingoni na kukatiza njia kwa mshazari, upana wake sawasawa na tairi. Kona ya pili ina watoto waliotoka shule, wameshika njia nzima, na wakikuona wanakuja mbio kwako wakiita "agachupa!" kwa sababu wanataka chupa tupu ya maji. Nyuma yao anapanda mtu anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya viazi, hawezi kukupisha hata akitaka. Hayo yote yamo ndani ya mita mia moja. Aliyebana breki kidogokidogo tangu juu, hapo breki zake zimepata moto na vidole vimeingia ganzi. Aliyeachia akitegemea kufunga ghafla, gurudumu la mbele limeshaingia kwenye mfereji.

Breki hukamatwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kwa nguvu na kwa muda mfupi. Ndani ya kona unaachia. Tumia vidole viwili tu kwenye mikono ya breki, vingine vishike usukani. Kabla ya mteremko mrefu shusha kiti sentimita chache, nyanyuka, rudisha makalio nyuma na pedali zikae usawa. Kwenye kona, pedali ya upande wa nje ndiyo iwe chini na uzito wako uwe juu yake. Macho yatangulie mbali, kwa sababu ukikodolea shimo utaliingia. Na kila mteremko mrefu simameni katikati, hata kama hakuna aliyelalamika. Kunjueni vidole, mnywe maji, mtazame ziwa. Msiguse diski ya breki kwa mkono, inaunguza.

Mwanza mna sehemu nzuri sana za kujifunzia. Nendeni Isamilo au Bugando Jumapili asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Chora mstari wa chaki chini ya mteremko, kila mmoja ateremke kwa mwendo wake na asimamishe gurudumu la mbele juu ya mstari bila kuburuza tairi la nyuma. Wiki mbili za mwanzo wengi watapita mstari au wataserereka. Mkishaweza, rudieni mkiwa na mzigo mtakaobeba safarini, maana kilo nane nyuma hubadilisha kabisa tabia ya baiskeli. Kisha mfanye kwenye njia ya vumbi. Mazoezi hayo mara moja kwa wiki, kwa miezi miwili, pamoja na Usagara yenu, yatawafaa kuliko kuongeza kilomita. Na mdogo wako, kama ni wa rika la kupenda kushindana, awe ndiye anayeteremka wa mwisho kila siku. Vijana wakiwa mbele huvuta kundi zima kwenye mwendo ambao si wao.

Baiskeli zenyewe ziwe na gia nyepesi kabisa na matairi mapana, kuanzia inchi 2, yenye meno. Kwenye vumbi punguzeni upepo kidogo ili tairi lishike ardhi, mkifika kwenye lami mjaze tena. Kwa hiyo pampu nzuri ni lazima, pamoja na tyubu mbili za akiba kwa kila mtu, viraka, na seti moja ya pedi za breki kwa kila baiskeli. Watu hubeba tyubu za kutosha na kusahau pedi, halafu tope la kilima kimoja linazila. Zikibaki chini ya unene wa milimita 1, badilisheni usiku huohuo, msingoje asubuhi. Kama breki ni zile za raba zinazobana rimu, kwa njia hii ningewashauri mkodi baiskeli zenye diski Kigali au Rubavu. Kabla ya kulipa, kaa juu ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu na uisukume mbele na nyuma: ikiyumbayumba au mkono wa breki ukigusa usukani, omba nyingine.

Mkipeleka za kwenu kwa gari na breki ni za mafuta, mkitoa magurudumu chomekeni kipande cha katoni kilichokunjwa kati ya pedi mbili. Mzigo ukiegemea mkono wa breki wakati diski haipo, pistoni hutoka na pedi hubanana, na asubuhi ya kwanza Kigali mtaipoteza mkizitenganisha kwa bisibisi.

Barabara yenu mnaijua: Kigongo–Busisi mpaka Geita, kisha mshike ya Rusumo. Pale darajani juu ya Kagera kuna badiliko moja linalowahusu waendesha baiskeli kuliko mtu mwingine yeyote: Tanzania tunapita kushoto, Rwanda wanapita kulia. Kichwani mtalikumbuka. Mwili ndio husahau, hasa mnapoanza tena baada ya kupumzika dukani, au mnapokwepa shimo ghafla na mkono ukavuta upande uliouzoea. Siku ya pili fanyeni Kigali, mwendeshe taratibu mitaani asubuhi na mapema mpaka mzoee kulia na mizunguko ya barabara. Mkitaka, mpite kile kipande cha mawe wanachokiita Mur de Kigali, mita 400 za kupanda kwa wastani wa asilimia 11, mjionee walichokipata mabingwa.

Saa pia zirudisheni nyuma saa moja. Julai Mwanza mnakuwa na mwanga mpaka karibu saa moja kasoro jioni. Kivu jua huzama saa kumi na mbili na dakika chache tu. Anayepanga siku kwa mazoea ya nyumbani atajikuta kwenye mteremko wa mwisho gizani. Kanuni ninayowawekea wageni wangu ni kuwa kitandani mapema, barabarani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kumaliza saa nane mchana. Asiyefika saa nane anapanda gari.

Jambo jingine la mpakani ni mifuko ya plastiki. Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008 na hukaguliwa, kwa hiyo nguo msizifunge kwa rambo ili zisilowe. Tafuteni mifuko ya turubai isiyopitisha maji.

Sasa njia. Yote ni kilomita 227, na kwa siku mlizobakiza mngeikimbiza tu. Siku ya tatu kodini gari kutoka Kigali mpaka Karongi, mji ambao wengi bado wanauita Kibuye. Siku ya nne asubuhi ni ya kayaki na mchana ni wa kulala. Ya tano mpaka ya saba mwendeshe kwenda Rubavu, mkilala eneo la Musasa, kisha Kinunu. Ni mwendo mdogo kwa siku ukiutazama kwenye ramani, na ndivyo ninavyotaka, maana kilomita 30 za kule zina kazi ya zaidi ya 60 za Usagara. Siku hizi lami imeunganisha Rubavu na Rusizi, na ile njia ya vumbi iko karibu zaidi na maji. Hilo ni jema kwenu: akiugua mtu, au mvua ikija ghafla, mnatafuta lami na kupanda basi. Mwanzo wa kila siku waulizeni wenyeji kipande cha lami kilicho karibu kiko wapi.

Mgongo wa milima mtakaouona kulia kwenu siku zote tatu unagawa maji ya Afrika. Mvua inayoanguka upande wenu hushuka Kivu, ikatoka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, na mwisho mto Congo. Inayoanguka upande wa pili huenda Nyabarongo, Kagera, na kuingia Ziwa Victoria, maji yaleyale mnayoyaona kutoka Kapripointi kwenu Mwanza. Napenda kuwasimamisha wageni wa Kanda ya Ziwa pale juu na kuwaeleza hivyo. Wanakuwa wamelivuka Kagera pale Rusumo na hawakujua lilikotoka.

Kuleni kabla ya njaa. Kwenye vilima vile nguvu huisha ghafla, mtu anaanza kutetemeka na kuyumba, na anayeyumba hawezi kushika breki sawasawa. Ndizi, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na chapati vinapatikana vijijini, na karibu kila kituo kidogo kina duka la maziwa. Maziwa mtindi yao yaliyopoa, na andazi, ni chakula cha saa nne asubuhi ambacho sijaona kinachokishinda kwa mwendesha baiskeli. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017 na Rubavu mtaongea na kila mtu bila shida; ndani ya Rutsiro Kinyarwanda ndicho kinachotawala, kwa hiyo jueni angalau "muraho" na "murakoze". Watoto wakiwazunguka, simameni, muwasalimie, kisha muondoke kwa kutembea hatua kadhaa kabla ya kupanda baiskeli. Chupa wapeni mkiwa mmesimama. Kumpa mtoto kitu ukiwa mwendoni ni kumfundisha kukimbilia gurudumu.

Mtaona pia vijana wakining'inia nyuma ya malori kwenye milima ili wavutwe. Msijaribu, hata mkialikwa.

Siku ya kumalizia Rubavu mtapita Nyamyumba penye chemchemi za maji moto kando ya ziwa. Kaeni hapo nusu saa mpoze mapaja, kisha kipande kilichobaki ni kifupi.

Kayaki ya Karongi ni rahisi kuliko mnavyodhani, mradi iwe asubuhi. Kuanzia saa kumi na mbili ziwa huwa limetulia, na mtakutana na wavuvi wanaorudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, wanapiga makasia kwa kuimba. Wametoka usiku kucha kuvua sambaza kwa taa. Samaki hao ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakastawi. Wakikaangwa mtawatambua kwa ladha. Wapisheni kwa mbali, nyavu zao ni ndefu kuliko zinavyoonekana. Kuelekea mchana upepo huanza na mawimbi mafupi ya karibukaribu hupanda, na hapo kayaki haina raha tena. Jaketi la kujiokolea livaliwe na kufungwa vizuri na wote, hata anayeogelea kama kambale, na mbaki kwenye visiwa vya karibu na ufukwe. Kisiwa kikubwa cha Idjwi mnachokiona upande wa magharibi ni Congo. Asiyejua kuogelea akae kayaki ya watu wawili pamoja na kiongozi.

Mtu atawaambia kwamba ziwa lile lina gesi na linaweza kulipuka. Gesi ipo kweli, kaboni dayoksaidi na methani nyingi sana, imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, na Karongi mtaona mtambo unaoelea ambao tangu 2016 unavuta methani hiyo na kuzalisha umeme wa megawati 26. Kwa anayepiga makasia juu haina madhara. Inayohitaji tahadhari ni ile inayotoka ardhini kwenye mabonde madogo ya kaskazini mwa ziwa, hasa upande wa Goma na Sake, ambayo wenyeji huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa, haionekani, hutuama mashimoni, na huua mbuzi na watu waliolala. Kwa hiyo mkifika kaskazini msilale kwenye hema ndani ya kishimo chochote kando ya maji, na Rubavu laleni kwenye nyumba ya wageni kama watu wengine.

Nimefika mlimani. Karisimbi ina mita 4,507 na hupandwa kwa siku mbili, na kambi iko karibu mita 3,700. Linganisha na Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: Horombo ipo mita 3,720, na mtu hufika pale usiku wa pili akiwa ameshalala Mandara kwenye mita 2,720. Ninyi mngetoka Mwanza, mita 1,140, mkalala Kigali usiku mmoja, na usiku unaofuata mkawa kwenye kimo cha Horombo, siku ya pili ya safari, mara ya kwanza maishani. Utaratibu unaokubalika na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, kimo cha mahali unapolala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku. Mngeuvunja vibaya. Kichwa kingeuma, mngetapika, na pengine mmoja angeanza kutembea kama mlevi, dalili ambayo haina mjadala: anashushwa hapohapo, hata kama ni usiku.

Na Karisimbi ina baridi inayodharauliwa kwa sababu iko karibu na ikweta. Februari 1908 msafara wa mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein ulinaswa humo na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe, na wapagazi 20 wakafa. Walikuwa watu wa nchi hizi hizi zetu, wamebebeshwa mizigo ya wengine. Kila ninapowaona wapagazi wa leo wakisimama na wageni getini, huwa natazama viatu na makoti yao kabla ya kutazama ya wageni. Mkikodi mpagazi, nanyi mfanye hivyo.

Bisoke ina mita 3,711, hupandwa na kushukwa siku hiyohiyo, na juu kuna ziwa ndani ya kreta. Kwa kuwa mnarudi kulala chini, kimo hakiwapati kwa namna ileile. Tena mtakuwa mmeshakaa siku kadhaa mkipanda na kushuka kando ya Kivu, ambalo lenyewe liko mita 1,460, na usiku wa nane mmelala Kinigi, chini ya milima hiyo, juu ya mita 2,000. Ni kazi ya saa sita hivi. Njia ni tope zito hata Julai, na majani yanayowasha yamejaa pembeni: vaeni glavu, suruali ndefu ichomekwe kwenye soksi, viatu vinavyoshika kifundo, koti la mvua. Chukueni fimbo kila mmoja, hasa kwa kushuka, maana hapo tena ndipo magoti huumia na watu huteleza. Hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, na umbali wa kutosha kati yenu ili anayeanguka asiangushe wa mbele. Askari wa hifadhi huandamana nanyi kwa sababu ya nyati. Wanachosema kifuatwe bila swali.

Kibali hutolewa na RDB, bodi ya maendeleo ya Rwanda. Waulizeni wao wenyewe kiwango cha raia wa Afrika Mashariki kabla hamjamlipa wakala yeyote. Waulizeni pia hali ya usalama wiki hiyo: Bisoke na Karisimbi zote ziko juu ya mpaka wa Congo, na Goma, inayopakana na Rubavu, ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Wakisema mlima umefungwa, umefungwa. Msivuke kwenda Goma hata kwa saa moja ya kutazama.

Kateni bima inayotaja kwa maandishi baiskeli ya milimani na kupanda mlima mpaka mita 4,000. Bima nyingi za safari huviacha nje na watu hugundua wakiwa hospitalini. Kwenye simu zote nne wekeni 912 ya gari la wagonjwa na 112 ya polisi. Kidonda cha kuanguka kwenye changarawe kioshwe kwa maji safi mengi mara moja, mchanga wote utoke, ndipo dawa. Aliyegonga kichwa haendeshi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa na kofia yake imebaki nzima.

Siku ya tisa ni Bisoke, ya kumi ni kurudi. Kinigi mpaka Kigali ni chini ya saa tatu, na kutoka Kigali hadi Rusumo bado kuna safari, kwa hiyo mwondoke kabla ya jua. Angalieni kalenda kwanza: ikiwa siku hiyo ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, nchi nzima iko kwenye umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, magari hayatembei, na mtafika mpakani jioni. Pangeni iangukie Ijumaa au Jumapili.